Mti na Mwenyewe Garsen

Saa saba mchana, mwezi wa Februari, anayemtafuta mtu mjini Garsen haulizi duka wala ofisi, anauliza mti. Vijana wa boda boda wana mwarobaini wao. Fundi cherehani ana wake. Mama wa mahamri, ambaye asubuhi alikuwa barazani kwa watu, adhuhuri amehamia na karai lake chini ya mkwaju. Benchi lililowekwa magharibi mwa shina wakati wa chai ya asubuhi litakutwa mashariki wakati wa alasiri, na hakuna atakayekumbuka ni nani aliyelisogeza. Jua limesogea, watu wamesogea, mazungumzo hayakukatika.

Joto la mchana hapa hupita nyuzi 33 bila mtu kushangaa. Bati linawaka, vumbi limekuwa jepesi kama unga, na upepo wa kaskazi, ambao Lamu na Kipini huja na unyevu wa bahari, ukifika Garsen umekwisha kupoteza baridi yake njiani. Katika hali hiyo kivuli si pambo. Ndicho chumba cha kungojea, ofisi ya mdogo na mkubwa, mahakama ya wazee na mara nyingine zahanati ya mbuzi.

Garsen ni mji wa njia panda. Barabara itokayo Malindi hukutana na ile ya Hola na Garissa karibu na hapo, Minjila, na ya Lamu huvuka Mto Tana kuelekea Witu. Wapokomo wamelima kingo za mto huu tangu enzi za mababu. Waorma na Wawardei huteremsha ng'ombe kunywa maji kiangazi kikikaza. Wavuvi, wachuuzi na watumishi wa serikali wametoka kila pembe. Baada ya mashambulizi ya Juni 2014 huko Mpeketoni, upande wa Lamu, mabasi ya Lamu yalisafiri kwa misafara ya polisi kwa miaka kadhaa, na kungoja kukawa sehemu ya safari. Abiria anayengoja msafara kwenye jua la Tana hujifunza haraka thamani ya mti ambao hakuupanda.

Na hapo ndipo swali linapoanza: ulipandwa na nani?

Nairobi ilikuwa na Peter Greensmith, msimamizi wa bustani za jiji baada ya Vita vya Pili vya Dunia, aliyejaza barabara mijakaranda na mibogenvilia. Nyuma yake palikuwa na idara, bajeti, mipira ya maji na vibarua wenye mishahara. Mijakaranda ile bado inamwaga maua ya zambarau kila Oktoba, na wapita njia huipiga picha bila kuuliza ni fedha za nani zilizoinywesha ilipokuwa fito. Garsen haikupata urithi wa namna hiyo. Ukiufuatilia mti mmoja mmoja mjini, kila shina linakupeleka kwenye mlango: duka, hoteli ya chai, msikiti, shule, nyumba ya mwalimu mstaafu. Miti ya Garsen haikupangwa kwa mistari kwa sababu milango haikupangwa kwa mistari.

Mingi yake ni mwarobaini. Mti huu wa asili ya Bara Hindi na Burma umezoea pwani yetu kiasi kwamba watoto hawaamini uliwahi kuwa mgeni. Hupukutisha majani kidogo tu kiangazi na kuchipua upya mapema, wakati vichaka vya nyikani vimebaki vijiti. Majani yake ni machungu, kwa hiyo mbuzi mwenye njaa ya kawaida huyaonja na kupita. Tawi hutoa mswaki, majani yaliyochemshwa hunywewa na wanaoamini nguvu yake juu ya homa, na yaliyokaushwa hutiwa ghalani kufukuza wadudu. Lakini mbegu yake haikai. Ikianguka, wiki chache zikapita, nguvu ya kuota inapungua upesi, na anayetaka kuotesha hana budi kuokota zikiwa mbichi, kuzimenya na kuzifukia hapo hapo. Kwa bahati, popo na ndege hawangoji kufundishwa. Mwarobaini mwingi wa mitaani umeota wenyewe chini ya paa au ukingoni mwa choo, ukahurumiwa na mtu mmoja aliyeuzungushia miiba.

Sifa hiyo ina upande wa pili. Kusini zaidi, katika misitu ya kaya za Wamijikenda, mwarobaini umeingia bila kukaribishwa na kuisonga miti ya asili. Mti unaosifiwa mtaani unaweza kuwa balaa msituni, na anayegawa miche angefaa kukumbuka hilo kabla ya kuufanya mwarobaini kuwa jibu la kila swali. Tutarudi kwenye jambo hili, kwa sababu Tana ina mfano mkali zaidi.

Kuotesha mti katika udongo wa Garsen ni kazi ya ubishi. Sehemu kubwa ya ardhi ya bonde hili ni mfinyanzi mweusi uliorundikwa na mto. Kiangazi hupasuka nyufa ambazo kidole, na pengine kiganja kizima, huzama. Mizizi michanga iliyokuwa imeshika pande mbili za ufa hukatika kama uzi. Mvua ikinyesha, udongo ule ule huvimba, hujifunga, na maji hukaa juu yake kama kwenye sinia. Wenye uzoefu huchimba shimo mapema, futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, wakatenga udongo wa juu na wa chini, wakauchanganya ule wa juu na samadi ya ng'ombe iliyooza, ambayo hapa haikosekani. Samadi mbichi haitiwi, maana huunguza mche na kuita mchwa. Mche hukaa kwenye beseni la udongo lenye ukingo, ili maji yasikimbie, na juu yake hutandazwa nyasi au majani ya migomba. Nyasi ile ndiyo hufunika nyufa.

Halafu maji. Mji uko karibu na mto mrefu kuliko yote nchini, takriban kilomita 1,000 kutoka chemchemi zake za Nyandarua na Mlima Kenya hadi Kipini, lakini ukaribu huo hauna maana kwa mche ulio mbele ya duka. Maji hubebwa kwa jerikeni za lita 20, kwa punda au mkokoteni, na hununuliwa. Visima vingi vya eneo la delta vina chumvi. Maji yake hufulia nguo kwa shida na mche huuonyesha ubaya wake kwenye ncha za majani, zinazokauka rangi ya kahawia kama karatasi iliyokaribia moto. Kwa hiyo mti wa mjini huishi kwa maji ya pili: yaliyooshea vyombo, yaliyosuuzia mchele, ya udhu msikitini. Si ajabu miti minene ya miji yetu ya pwani husimama karibu na misikiti na hoteli. Palipo na watu wanaonawa mara tano kwa siku, pana mti unaokunywa mara tano.

Kuna pia chupa. Chupa ya plastiki ya lita moja na nusu hutobolewa tundu la sindano kwenye kifuniko, hugeuzwa kichwa chini na kufukiwa nusu karibu na shina. Inatona siku nzima na pengine ya pili, chini ya nyufa, mahali jua lisipofika. Mtoto anayerudi shuleni huijaza. Ujanja huu haukuletwa na mradi wowote, na huenda ndiyo sababu umedumu.

Adui wa tatu ana miguu minne. Mbuzi wa Garsen hupanda ukuta, husimama kwa miguu ya nyuma, huegemea boma la miiba mpaka lilegee, na anapendelea mche wa mwembe kuliko kitu kingine chochote kilichowahi kupandwa. Boma la matawi ya mgunga hulinda msimu mmoja, kisha mchwa hulila kutoka chini. Anayeacha kulikarabati mwezi wa tano atakuta kijiti mwezi wa sita.

Sasa majira. Mkulima wa Nyeri akisikia radi anajua shamba lake litalowa. Garsen ni tofauti. Mvua zake zenyewe ni chache na hazitabiriki, za masika kuanzia Aprili na za vuli kuanzia mwishoni mwa Oktoba, na mwaka mbaya zote mbili hupita mbali. Lakini mto hufuata mvua za milimani, kwa hiyo mafuriko huweza kufika mjini jua likiwaka na anga ikiwa safi. Maji mekundu ya Nyandarua na Meru hushuka siku nyingi bondeni, hutandaa mashamba ya Idsowe na vijiji vya jirani, huingia barabarani, kisha hukaa. Mti wa Garsen basi una kalenda mbili: ya mawingu yaliyo juu yake na ya mawingu yaliyo mamia ya kilomita mbali.

Wazee huhesabu umri kwa maji hayo. Ya 1961 bado yanatajwa. Ya El Niño ya 1997 na 1998 yaliharibu mradi mkubwa wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mabonde ya Tana na Athi, karibu na Gamba. Yakaja ya 2018, kisha ya mwishoni mwa 2023, na kabla matope hayajakauka vizuri, ya Aprili na Mei 2024. Katikati yake palikuwa na ukame wa kuanzia 2020, misimu mitano ya mvua mfululizo iliyoshindwa, ambapo mizoga ya ng'ombe ililala kandokando ya barabara za Kaunti ya Tana River. Mche uliopandwa Novemba 2020, kama ulipona, ulikaa na kiu miaka miwili na zaidi, kisha ukazamishwa.

Na kuzama si jambo moja kwa kila mti. Mpapai hauvumilii, maji yakisimama kwenye mizizi siku mbili hivi, majani hunyong'onyea na shina huoza. Mwarobaini, shujaa wa ukame, ni mnyonge wa matope: hustahimili karibu kila kitu isipokuwa miguu yenye maji. Mwembe mkubwa huweza kusimama majini kwa wiki kadhaa ukapoteza majani na baadaye ukajirudi. Mkuyu hauna habari. Mafuriko ni chakula chake. Aliyepanda mwarobaini kwenye kibonde kwa sababu aliuona ukistawi kwa jirani aliye kwenye mwinuko amefanya hesabu nusu. Hatua chache za mwinuko Garsen ni tofauti kati ya mti na kuni.

Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ya Kenya ilitangaza siku ya mapumziko ili taifa zima lipande miti. Shabaha ya siku hiyo ilikuwa miche milioni 100, hatua moja kuelekea miti bilioni 15 ifikapo 2032, mpango uliozinduliwa na Rais William Ruto Desemba 2022. Programu ya simu iitwayo JazaMiti iliandaliwa ili kila mtu asajili alichopanda na mahali alipokipanda. Tarehe ilichaguliwa kufuata mvua za vuli, na kwa sehemu nyingi za nchi ulikuwa uchaguzi wa busara. Lakini vuli hiyo ilikuwa ya El Niño. Wiki hizo hizo familia za Tana River zilikuwa zikihamisha magodoro na mbuzi kwenda kwenye miinuko, na barabara ya Garsen kwenda Lamu ikafunikwa na maji eneo la Gamba. Tarehe 10 Mei 2024 ikawa siku nyingine ya kitaifa ya kupanda miti, safari hii kwa kuwakumbuka waliofariki katika mafuriko ya masika. Tana ilikuwa bado imefurika.

Si haki kuikejeli siku ya miti. Watoto wengi wa Kenya walishika jembe kwa mara ya kwanza siku ile. Tatizo ni kwamba programu ya simu huhesabu kinachoingia shimoni, na mti wa Garsen hauhesabiki mpaka uvuke kaskazi ya kwanza, na ya pili, na mafuriko yatakayokuja kati yake. Wakati wa Garsen kupanda si siku moja. Mwenye kiwanja kilichoinuka hupanda mvua ikianza. Mwenye kibonde hungoja mto urudi kwenye kingo zake, apande kwenye tope lililobaki na unyevu, akitumaini mizizi itashuka kabla nyufa hazijafunguka.

Wangari Maathai alilijua hili kwa uchungu. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti saba Kamukunji, Nairobi, na huo ndio ukawa mwanzo wa vuguvugu la Green Belt. Katika ile saba, iliyopona ni miwili. Mitano ilikufa katikati ya jiji kuu, mbele ya macho ya maelfu. Baadaye vuguvugu lake likawalipa wanawake wa vitalu kitu kidogo kwa kila mche uliopandwa na kuthibitika kuwa hai miezi kadhaa baadaye. Mche uliotoka kitaluni peke yake haukulipwa. Nobeli aliyopewa 2004 ilizungumza juu ya amani na demokrasia, lakini mfumo mzima ulisimama juu ya swali hilo dogo la karani: je, bado uko hai?

Garsen swali hilo lina pacha wake: ni wa nani?

Pwani ya Kenya, mti na ardhi vimezoea kuwa na wenyewe tofauti. Mtu aliweza kumiliki minazi juu ya udongo wa mwingine, kuirithisha, kuiweka rehani. Ndiyo maana wenye ardhi wengi waliwaruhusu wapangaji kulima mahindi na mihogo lakini wakawakataza miti ya kudumu. Muhindi huondoka baada ya miezi minne. Mwembe hubaki na kutoa ushahidi. Kando ya Tana, miembe ya zamani husomeka kama orodha ya koo: hapa alikaa babu fulani, pale kijiji kilikuwepo kabla mto haujahama. Na mto huu huhama kweli. Delta yake imebadilika mara nyingi, mara nyingine kwa mkono wa binadamu, kama ulipochimbwa mfereji wa Belazoni katika karne ya 19 na mkondo mkuu ukaishia kufuata njia hiyo hadi Kipini. Kijiji huhama, mwembe haumfuati mtu, na mjukuu hurudi kila msimu kuchuma.

Kwa mfugaji, mstari huo huo wa miembe unaweza kuonekana kama ukuta. Ng'ombe wa Waorma hufika majini kwa njia ziitwazo malka, na shamba likifunga malka, mifugo haina pa kunywa. Mapigano ya 2012 hadi Januari 2013, yaliyoua watu zaidi ya mia moja katika vijiji vya delta, yalikuwa na sababu nyingi, siasa ikiwemo, lakini maji na malisho na mashamba vilikuwa kitovu chake. Baada ya hapo watu wa delta walikaa kupanga matumizi ya ardhi, na mpango ukatoka 2015 ukiainisha maeneo ya kulima, ya malisho na ya hifadhi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ikafuata 2016. Mtu wa mjini anayejiuliza kama apande mwembe au mwarobaini uani kwake hasemi maneno hayo yote, lakini yamo katika uamuzi wake. Asiye na uhakika wa kiwanja hupanda mpapai. Mwenye uhakika hupanda mwembe. Mwenye matumaini tu hupanda mwembe usiku.

Dhidi ya miti hii yote yenye wenyewe, upo mmoja ambao hauna na hauhitaji: mathenge. Hadithi yake inapitia Bamburi, Mombasa. Mapema miaka ya 1970, René Haller alijaribu kufufua machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipobaki mwamba wa matumbawe tu. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili ni tatu, mvinje ukiwa mmoja wao, na leo pale ni Haller Park penye viboko na twiga. Ni mfano mzuri wa uvumilivu. Lakini kumbukumbu za misitu zinaonyesha kwamba mathenge nao uliletwa nchini kwa kazi hiyo hiyo ya kufunika machimbo, mwaka 1973, mbegu zikitoka Brazil na Hawaii. Miaka ya 1980 ukapelekwa nyanda kame, Baringo na bonde la Tana likiwemo. Huko Bura, mradi wa umwagiliaji ulihitaji kuni za maelfu ya familia zilizohamishiwa jangwani, na wataalamu waliofanya kazi kwa msaada wa Ufini walitafuta mti unaokua haraka bila kubembelezwa. Waliupata.

Mathenge haukauki kiangazi. Mzizi wake hushuka kutafuta maji mbali kuliko kamba ya kisima. Mbuzi hula maganda yake matamu, huzitoa mbegu zikiwa zimelainika na zimetiwa mbolea, na mafuriko huzisambaza bondeni kote. Baada ya maji ya 1997 na 1998 ulienea kwa kasi. Leo unaziba njia za mifugo kwenda mtoni, unatoboa matairi ya boda boda, na mwiba wake ukimwingia mtu mguuni humlaza kitandani. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo walimpeleka mahakamani Nairobi mbuzi asiye na meno, kielelezo cha sukari ya maganda hayo. Wakati huo huo mkaa wake unauzwa, nguzo zake zinajenga, na siku ambayo hakuna kingine chenye jani, kivuli chake kinatumiwa na wale wale wanaoulaani. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, imekuwa ikihimiza uvunwe badala ya kungojea siku utakapong'olewa wote, siku ambayo haionekani kukaribia.

Mathenge ndio jibu kamili kwa mtu anayetaka miti bila mwenyewe. Ulitimiza kila sharti ulilowekewa: haraka, kijani, bila maji, bila mlinzi. Sharti moja tu halikuandikwa, kwamba ujue pa kukoma.

Kabla ya hayo yote, mto wenyewe ulikuwa mtunza miti. Misitu ya kingo za Tana, mikuyu, mikindu, na aina ya mpopla ambayo Wapokomo wamechongea mitumbwi, huishi kwa maji yanayopenya chini ya ardhi kutoka mtoni, na miche yake mingi huanzia kwenye fungu jipya la mchanga na tope lililoachwa na mafuriko. Maji yale yale yanayoua mwarobaini wa mjini ndiyo huzaa mpopla ukingoni. Katika vipande hivyo vya msitu wanaishi nyani wa aina mbili wasiopatikana penginepo duniani, kolobasi mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana. Hifadhi yao ilitangazwa 1976. Mwaka 2007 Mahakama Kuu iliamua kwamba ilianzishwa bila kufuata utaratibu, na kesi ililetwa na wenyeji. Hata huko, basi, swali lilikuwa la mwenyewe.

Juu ya mto serikali ilijenga mabwawa ya umeme moja baada ya jingine: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Nairobi ikapata taa. Mafuriko ya kawaida ya Mei, yale ya wastani yaliyolisha msitu na kurutubisha mashamba, yakapungua. Makubwa ya kupita kiasi yakaendelea kuja, maana bwawa lililojaa haliwezi kuzuia kitu, na ilani kwamba Masinga inafurika hupokewa Garsen kama habari ya msiba. Mwisho wa mto nako, maji matamu yakipungua, bahari hupanda. Wakulima wa Ozi, karibu na Kipini, wameona chumvi ikiingia mashambani na miembe na mpunga ikidhoofika. Mtu wa Garsen anayepanga kupanda mti anafanya biashara na wahandisi ambao hatawaona kamwe.

Hata hivyo, anapanda. Ukitazama kinachotoka kwenye vitalu vya kando ya mto, mwembe wa kubebesha unaongoza, kwa sababu unaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne badala ya kungoja saba. Tawi la ngowe au boribo hufungwa kwenye shina la mche wa kienyeji kwa utepe wa plastiki, ukanda mwembamba kama wa kufungia kidonda, na mnunuzi mjanja huuinua kwanza ule utepe kwa ukucha kuona kama pameshika. Kisha huuliza juu ya mizizi. Mche uliokaa kitaluni muda mrefu huzungusha mizizi ndani ya mfuko, na ukipandwa hivyo hivyo utakuwa umejinyonga kabla ya kufika miaka mitano.

Ukipona mbuzi, nyufa, chumvi, mchwa na maji, mwembe huo utachanua katikati ya mwaka, na matunda makubwa yatapevuka kuanzia Novemba. Hapo ndipo kalenda mbili za Garsen zinapogongana tena. Novemba na Desemba ndiyo miezi ya vuli, mto ukiwa juu. Mwaka ambao milima imepata mvua nzuri, lori la dalali wa Mombasa hukwama upande wa pili wa maji na embe huiva zote kwa wiki mbili. Mwenye mwembe wa mbele ya duka ana nafuu: wateja wake wako chini ya mti tayari, wamekwama na yeye, na abiria aliyeambiwa basi halivuki leo hununua embe sita badala ya mbili. Mwenye miembe 60 shambani hana abiria. Anauza kwa ndoo, bei ya kutupa, anakausha vipande juu ya bati, anawapa ng'ombe wa jirani zilizobaki, na mwezi wa Januari, barabara ikifunguka, dalali anafika akiuliza kama kuna mzigo wowote uliosalia.